Pua Mpya ya Lori la Hajjati

Habari yenyewe aliileta Wakoli, ambaye pale kijiweni kwa Mutheu muuza chai, Pumwani, hakuna anayemwita Wakoli. Ni Gazeti. Alikuwa karani wa ghala miaka ishirini na mitatu, akastaafu, na tangu hapo kazi yake ni kuwasomea watu simu kwa sauti.

"Sikizeni hii," akasema, miwani ikiwa imeshuka hadi ncha ya pua. "Dereva wa lori amefunga eya klina, chujio la hewa la kisasa, ile ya kung'aa, ati injini ipumue. Amefika mlimani na tani saba za kabeji. Injini imekohoa mara mbili, ikazima. Lori limerudi nyuma, na kabeji zimefika chini kabla ya dereva."

Ndolo akapaliwa na chai.

Huyu Ndolo, jina la kijiwe Mzigo, ni dereva wa Hajjati Ruqiyo, mwenye duka la jumla la unga na sukari Eastleigh, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka hapo. Ameendesha lori lake miaka tisa. Wiki mbili zilizopita, kwa pesa zake mwenyewe za likizo, aling'oa lile sanduku jeusi la kuchujia hewa lililokuja na gari, akafunga bomba la kung'aa lenye chujio jekundu lililokaa wazi. Hajjati hakuambiwa. Na Hajjati ni mtu ambaye hata stika ya timu ya mpira lazima iombewe ruhusa. Dereva wa kabla ya Ndolo alifutwa kazi kwa kubadilisha honi. Kwa hiyo Ndolo alitaka sana kijiwe kizima kikubali kwamba pua hiyo mpya ya lori ni nzuri, apate la kujitetea siku atakapoulizwa. Kazi yake ilikuwa imening'inia hapo.

"Hiyo ni uongo ya mtandao," akasema akijifuta kidevu. "Mimi yangu inapanda mlima ikiimba. Jana nimetoka Mukuru kwa Reuben, nimeacha basi tatu nyuma. Tatu!"

"Ulikuwa umeshusha mzigo?" Mutheu akauliza bila kugeuka, akigeuza chapati.

"Ee, nilikuwa nimeshusha."

"Basi hata mimi nikitua hii sufuria naacha basi nyuma."

Kiema akacheka hadi tairi aliloketia likatikisika. Kiema ni fundi wa magari, gereji yake ni upande wa pili wa barabara, na watu humwita Daktari kwa sababu hajawahi kutazama gari bila kutikisa kichwa kwanza.

"Mzigo, nikuambie ukweli?" akasema. "Ile sanduku ya zamani ilikuwa inavuta hewa baridi huko juu, inachuja pole pole. Wewe umeitoa. Sasa injini inavuta hewa moto yake yenyewe, na vumbi ya Pumwani yote. Hiyo vumbi ikifika kwa turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa, ni msasa, buda. Inasugua tu."

"Chujio iko! Nyekundu hiyo, huioni?"

"Naiona. Shida ni vumbi haiioni."

"Nyekundu inaongeza nguvu," Gazeti akasema kwa upole wa mtu anayemwaga petroli. "Hii nchi ndivyo ilivyo. Hata ofisini wakipaka mlango rangi, wanatuambia huduma imeboreshwa."

"Wazee, wacheni wivu," Ndolo akasema. "Injini ni kama mtu. Ukimfungua pua, anakimbia zaidi."

"Ukimfungulia pua kwa jaa la taka?" Kiema akauliza. "Haya, maneno ni mengi. Washa tusikie hiyo nguvu."

Ndolo hakungoja kuambiwa mara mbili. Akavuka barabara hadi lilipoegeshwa lori, akapanda, akawasha, akakanyaga mafuta mpaka chini. Filimbi ikatoka ndani ya lile bomba, fyuuuuu, ikapanda juu ya mabati, ikazunguka nyumba zote za hapo. Kuku wakaruka uani kwa jirani. Mtoto mchanga mahali fulani akaanza kulia. Ndolo akakanyaga tena, maana utamu ulikuwa umemzidi, kisha akazima na kurudi akitembea kifua mbele.

"Mmesikia?"

"Tumesikia kelele," Kiema akasema. "Nguvu bado iko njiani."

Hata Ndolo hajaketi, simu yake ikaita. Akaitazama, uso ukamshuka. "Hajjati," akanong'ona.

"Ndolo, uko wapi?"

"Huku Mukuru kwa Reuben, Hajjati! Jam ya hapa leo si mchezo!"

Gazeti, kwa moyo wa kusaidia, akapiga honi kwa mdomo: "Piii! Piii!" Mutheu naye akapaza sauti kuelekea simuni: "Songa mbele na hiyo mkokoteni, wewe!"

"Sawa," Hajjati akasema, akakata.

Ndolo akashusha pumzi. Alikuwa bado anawashukuru wenzake, akimwambia Gazeti kwamba honi yake ni ya basi kabisa, alipoona mwavuli wa kijani ukikata kona. Chini ya mwavuli alikuwa Hajjati Ruqiyo mwenyewe, buibui limeshika vumbi la njia, hana haraka yoyote.

"Asalaam aleikum," Hajjati akawaambia wote, wakamwitikia kwa adabu ya ghafla. Akamgeukia Ndolo. "Reuben imesogea karibu siku hizi."

"Hajjati, nisamehe, naweza kueleza…"

"Nitaeleza mimi. Wiki mbili sasa, saa nne na robo, filimbi inapita nyuma ya duka langu. Inafika hapa, inanyamaza. Saa tano na nusu inaamka. Halafu wewe unanipigia, ati jam. Binti yangu Hibaq ameacha kutazama saa. Anasema, mama, Ndolo anakunywa chai."

Ndolo akainamisha kichwa. Miaka tisa, akawaza, inaishia hapa mbele ya chapati.

"Kazi hutapoteza," Hajjati akasema. "Na hiyo pua ibaki. Wallahi, tangu ninunue hilo lori sijapata kitu cha maana kama hicho."

Furaha ilimwingia Ndolo kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akaelewa: kwa filimbi hiyo Hajjati atajua kila anaposimama.

"Hajjati, hapana!" akaruka. "Hiyo kitu ni sumu! Inavuta hewa moto! Vumbi inaingia kwa turbo, inasugua kama msasa! Sanduku ya zamani iko kwangu chini ya kitanda, naifunga leo leo! Daktari, mwambie!"

"Na kabeji, Mzigo," Gazeti akamkumbusha. "Usisahau kabeji."

Hajjati akamtazama Kiema. "Fundi, inaharibu injini?"

Kiema akatikisa kichwa kwanza. "Vumbi inapitisha, sitakudanganya. Lakini chujio ikitolewa na kusafishwa kila siku, injini itavumilia."

"Kusafisha huchukua muda gani?"

"Ukifanya vizuri," Kiema akasema, akikwepa macho ya Ndolo, "kama saa moja na robo."

"Vizuri. Ndolo, kila siku, kuanzia saa nne na robo. Mbele ya duka, nikuone."

Mutheu akageukia jiko lake haraka, mabega yakimtetemeka. Hajjati akafunga mwavuli, akaketi pale pale mahali pa Ndolo, akaagiza chai ya maziwa. Ndolo akaondoka bila kuaga fundi.

Alikata kona ya kwanza, akakata ya pili, akasimamisha lori kando ya ukuta na kuzima. Alikuwa amejaa hasira kama gunia. Akatoa spana chini ya kiti ang'oe lile bomba, akafungua mlango, mguu mmoja ukiwa umeshagusa lami. Simu ikaita.

"Ndolo," Hajjati akasema, "mbona umesimama?"

"Jam, Hajjati."

Nyuma ya sauti ya Hajjati, Ndolo alisikia watu watatu anaowafahamu wakiangua kicheko. Akarudisha mguu, akarudisha spana, akawasha. Filimbi ikalia juu ya mabati ya Pumwani yote.

"Haya, huyo ameondoka," alimsikia Hajjati akiwaambia. "Mutheu, niongezee chai."