Breki Zisizopiga Kelele

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Breki za nyuma zimelia kwenye mteremko wa hapa Boito mpaka wachuma chai wakageuka. Ooko, dereva wa kiwanda cha chai, akaniuliza kama nimebeba nguruwe. Wakati mbaya kabisa. Ijumaa kamati ya kanisa inachagua gari la kumbeba Waringa, binti wa mchungaji, siku ya harusi yake. Yamebaki mawili: langu na la Ooko. Nitabadilisha pedi za breki mwenyewe. Fundi ni wa watu ambao hawakusoma Fizikia.

Jumanne, 6 Agosti
Gari juu ya jeki. Pedi za zamani zimetoka vizuri. Mpya haziingii, kwa sababu pistoni inayozisukuma imekataa kurudi ndani. Nimeisukuma kwa nyundo, kwa mpini wa jembe, kisha kwa maneno. Ooko akachungulia juu ya ua: "Mkubwa, ya nyuma huzungushwa kama kifuniko." Nikamjibu kwamba sikuomba mhadhara. Nikangoja apotee kwenye kona. Nikazungusha. Ikaingia. Iandikwe kwamba nilikuwa karibu kugundua hivyo mwenyewe.

Alhamisi, 8 Agosti
Pedi mpya bado zina kilio kidogo, kama panya. Mke wangu Nyathira anasema zitazoea zenyewe diski za magurudumu baada ya siku chache. Nyathira anaamini vitu hujitengeneza. Mimi naamini grisi. Nimezipaka upande unaoshika diski, bila ubahili. Halafu nikapaka na za mbele, zisione wivu. Nimelisukuma gari uani huku na huku. Kimya kabisa.

Ijumaa, 9 Agosti
Kamati ilingoja kwenye kituo cha kununulia chai. Mwenyekiti, Mama Ayoo, hukalia kiti cha bibi harusi kwanza, na kofia yake ya Jumapili. Bila hivyo hakuna gari linalopitishwa. Tukateremka naye garini kuwaelekea wenzake. Nikakanyaga breki. Kimya, kama nilivyopanga. Gari nalo likaendelea kimya. Wanakamati wakaruka mtaroni. Tukampita mchungaji akiwa bado ameinua mkono wa salamu, tukaingia katikati ya chai, ambako tulisimama vizuri sana. Mama Ayoo akatoa majani kwenye kofia, akauliza kama bibi harusi anapelekwa kanisani au kiwandani.

Jumamosi, 10 Agosti
Waringa amebebwa na Ooko. Gari lake lilisimama mlangoni pa kanisa, na watu wakapiga makofi, kana kwamba hilo ni jambo la ajabu. Mimi nilienda kwa miguu. Ooko, aliyekuwa ameiona grisi kwenye pedi zangu, akaniuliza kama na miguu nimeipaka. Nyathira alicheka kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 11 Agosti
Nimetafakari kwa utulivu. Breki hazikuwa na kosa lolote. Watu ndio walichelewa kupisha, na walichelewa kwa sababu honi yangu ina sauti ya kifaranga. Desemba kuna harusi nyingine, huko Merigi. Kesho nafungua usukani, niifikie honi.