Soketi Zimekufa, Ardith Asijue

Jumatano, 12 Julai

Soketi zimekufa. Zote! Ya jikoni, ya kitandani, ile ya mezani. Taa zinawaka, friji ya gesi inagandisha, lakini mashine ya kahawa kimya.

Jumamosi ukoo mzima wa mke wangu Ardith unakuja hapa kwenye kambi ya likizo, kando ya ziwa. Watu ishirini na wawili. Kasema wazi: wasipopata kahawa na hotdish ya mama yake, nyama chini viazi juu, ikiwa ya moto, basi trela letu hili la kulala linauzwa. Kila kiangazi tutakwenda mjini Fargo kwa dada yake Solveig, kulala kwenye chumba cha chini ya ardhi, kando ya mashine ya kufulia. Nimelala huko mara moja. Mgongo haujasahau.

Jiko la gesi lina mafiga mawili tu. Oveni niliitengeneza mwenyewe mwaka jana, ndiyo maana haifanyi kazi. Tunaokea oveni ndogo ya umeme; bila soketi nimekwisha.

Ardith kauliza mbona leo hakuna kahawa. Nimemwambia nimeacha, presha. Kanitazama. Kauliza kama kuna kitu anisaidie. Nimesema hapana, hakuna kitu.

Alhamisi, 13 Julai

Nimebadilisha fyuzi kumi na mbili. Taa nazo zikazimika. Nikarudisha za zamani, taa zikawaka, soketi bado maiti.

Jirani yetu Royce Tidwell, Mtexas mwenye gari la kulala kubwa kama kanisa, alinikuta nimeingiza kichwa chini ya trela. Akauliza kama nahitaji msaada. Nikasema hapana, hakuna tabu. Akauliza tena. Nikasema hapana, asante sana. Nikafuta mikono kabisa, tayari kuulizwa mara ya tatu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kuvua samaki!

Sikuamini. Hapa Minnesota hata mtoto anajua mtu huulizwa mara tatu: ya kwanza ni salamu, ya pili ni adabu, ya tatu ndiyo nia, na hapo ndipo unakubali. Huko kwao hawana mama wa kuwafunza?

Wakati wa chakula Ardith kauliza tena kama anisaidie chochote. Nimesema hapana.

Ijumaa, 14 Julai

Usiku sikulala. Lakini nimepata mpango. Nguzo ya umeme ya Royce ina tundu la ziada; yetu ina moja tu. Ardith alipokwenda kuoga, nikapitisha waya kwenye nyasi mpaka dirishani kwangu, nikaufunika kwa majani. Nikachomeka birika kubwa la kahawa na oveni ndogo ya umeme, vyote pamoja, kujaribu.

Vikawaka! Kwa muda wa kama dakika moja. Halafu pa! Kiyoyozi cha Royce kikafa. Akatoka na chupi na kofia yake pana, akautazama waya kutoka nguzoni kwake mpaka kwangu. Waya wenyewe una rangi ya chungwa. Majani hayakutosha.

“Jirani,” akasema, “si ungesema tu?”

Nikamwambia sikutaka kumsumbua.

“Nilikuuliza mara mbili. Ukasema hapana.”

Hapana! Tangu lini hapana ikawa hapana? Akaukunja waya vizuri, akanipa mkononi, akaingia ndani. Hakuuliza tena. Aibu iliyonipata, natamani ziwa linimeze.

Jumamosi, 15 Julai

Saa moja asubuhi. Wageni saa nne. Ardith kasimama mlangoni na sinia la hotdish, mbichi.

“Mzee,” akasema, “nakuuliza mara ya tatu. Nikusaidie?”

Nilikaribia kulia. Nikasema kama si usumbufu.

Akaweka sinia chini, akaingia chooni, akapeleka mkono nyuma ya karatasi za choo, akabonyeza kitufe kidogo kwenye soketi ya pale. Tap. Mashine ya kahawa ikaanza kukoroma.

Kumbe soketi ile ndiyo bosi wa zote! Taa yangu ya kuulia mbu, niliyoichomeka nje Jumanne usiku, ilipata umande. Kitufe cha usalama kikaruka, kikakata umeme, zote zikafa. Ardith alijua tangu Jumatano. Alisoma kijitabu cha trela. Nikamuuliza kwa nini aliniacha niteseke siku tatu.

“Ulikuwa umekataa mara mbili tu,” akasema. “Ningeanzaje?”

Wageni wakaja, wakala, wakanywa. Solveig mwenyewe aliongeza kahawa. Trela linabaki, kasema Ardith, mradi taa ya mbu isitoke nje na kitufe nisikiguse. Nimeapa.

Jumapili, 16 Julai

Nimewaza. Tatizo si taa. Tatizo ni kitufe kuruka. Kisiporuka, shida itoke wapi? Ardith alipokwenda kanisani nimekipaka gundi kali. Kisha nimetoa taa ya mbu nje, kujaribu tu. Nyasi zilikuwa na umande kidogo.

Soketi zimekufa. Zote. Kitufe hakibonyezeki wala hakitoki. Ardith anarudi saa sita, na Solveig, kunywa kahawa.

Royce anaondoka leo. Injini inanguruma. Katoa kichwa dirishani, kauliza kama niko salama, kama nahitaji msaada kabla hajaenda. Nimemwambia hapana, hakuna tabu.

Nimekaa ngazini, bisibisi mkononi. Gari linarudi nyuma taratibu. Zimebaki mara mbili aniulize.