Siku Sita za Sumaku na Jibini Langu la Miaka Tisa

Kwa Bi. Arlene Buchholz, Mwenyekiti wa Kamati ya Sumaku, na wanakamati wenzako sita,

"Profesa, hapo unapima kofia, si kichwa." Hayo ni maneno ya Dkt. Gretchen Vandehei, aliyoyatamka Jumatatu mbele ya wanafunzi, huku akitafuna soseji. Anadai kile kilele kirefu kwenye mchoro wangu hakitoki kwenye jibini, ati kinatoka kwenye kifuniko cha plastiki cha kichupa tunachotilia unga wa jibini. Kwa uzushi huo mmeninyang'anya siku sita za kupimia kwenye sumaku ya maabara, mkampa yeye apime meno yake ya ng'ombe. Nalalamika, kwa heshima zote:

1. Molekuli za maji hujigeuza zenyewe. Za kitu kigumu hazijigeuzi, kama kamati hii. Ndiyo maana tunakiinamisha kichupa ndani ya sumaku na kukizungusha mara elfu kumi kwa sekunde. Kazi hiyo haitaki pupa. Nimepima siku kumi na moja, na kilele kinazidi kupanda.

2. Nilipouliza kosa langu, fundi Duane alinijibu, "Bosi, jibini halipimwi, linaliwa na bia." Mzaliwa wa Wisconsin huyo! Mimi nachunguza jinsi protini zilivyoshikana ndani ya jibini la cheda la miaka tisa, katika jimbo linaloishi kwa cheda, naye ananiletea habari za bia.

3. Ikiwa kila kilichoinuka ni kifuniko, basi na tuzo zilizo ukutani kwenu ni vifuniko. Zishusheni.

4. Dkt. Vandehei aniombe radhi Ijumaa kwenye meza ya samaki wa kukaanga, tunapokula wote, akiwa amesimama, na barua hii isomwe kwa sauti.

Nisalimieni jengo zima, hata Duane.

Wenu asiyetetereka,
Prof. Leland Wojtasiak

Nyongeza: Nikitafuta bahasha, nimekuta mfukoni mwa koti langu la maabara chupa ya unga wa jibini. Haijafunguliwa. Kichupa kimezunguka siku kumi na moja kikiwa kitupu, kifuniko tu, na kilele kimepanda vilevile. Barua nimeshaitia sahihi, siichani. Arlene, mpe Gretchen siku zangu sita leo hii, umwongeze na za wiki ijayo. Ijumaa nitasimama mimi. Nanyi wanakamati, msicheke kabla sijamaliza, na mzuieni Duane asije na jibini.