Fomula Yangu na Vitanda vya Matroni

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema, isipokuwa watu. Naomba radhi kwa kuanza hivi.

Tangu marehemu mke wangu anitangulie, mkwe wangu, mume wa binti yangu, amenipa kazi ya ankara katika karakana yake ya samani. Meza moja, kompyuta moja, na mafundi wanaoniamkia kila asubuhi. Nyumbani haniamkii mtu.

Dada yake mkwe anaitaka meza hiyo. Tunamwita Bi Vidole, kwa jinsi anavyokitwanga kikokotoo. Leo kauliza, kwa adabu zake zote, kama babu bado anaona namba. Nikamshukuru kwa kunijali. Kisha nikamwonyesha fomula: katika jedwali la ankara, kisanduku cha mwisho, unaiamuru programu ijumlishe vyote vilivyo juu. Ikajumlisha! Akasema hata yeye hujumlisha, tena bila umeme. Bingwa huyo.

Jumanne, 4 Machi
Matroni wa bweni kaagiza vitanda kumi. Nikaandaa ankara. Akapiga simu: sita vinatosha. Nikafuta kumi, nikaweka bei ya sita, nikachapa, nikapeleka. Sikukagua jumla. Kuikagua mashine ni kuivunjia heshima.

Jumatano, 5 Machi
Fedheha! Jumla ilibaki ya vitanda kumi. Matroni alikuja mwenyewe kuuliza vile vinne vya ziada atavilalia nani. Bi Vidole alicheka hadi akakalia ndoo ya gundi. Pole babu, alisema, mashine yako imesinzia.

Mkwe akanieleza: fomula ya jedwali hili haijihesabu upya. Ukibadilisha bei, sharti uichague na ubonyeze kitufe cha F9. Jambo dogo, wangeliandika mlangoni. Akaongeza kuwa ankara nyingine ikikosewa, meza ni ya dada yake, nami nitapumzika nyumbani. Neno “kupumzika” alilitamka kwa upole ule ambao daktari hutamka “upasuaji”.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebonyeza F9 mara tatu, mbili zikiwa za heshima tu. Jumla imeshuka. Ila ankara ilionekana kama yatima. Nikaipamba: juu kabisa ya safu ya bei, kwa herufi nene, nikaandika 2025. Nikabonyeza tena, nikachapa. Nilivaa koti kuipeleka. Bi Vidole aliniuliza kama naenda kuoa. Nikamjibu kwamba nitamwalika.

Ijumaa, 7 Machi
Jumla imezidi. Imezidi kwa elfu mbili na ishirini na tano kamili! Kumbe fomula iliuona mwaka juu ya bei, ikaujumlisha pia. Huo ndio utii. Matroni alisimama katikati ya karakana akapaza sauti: mzee wangu, niliagiza vitanda, mwaka sikuagiza!

 Mkwe alivuta kiti changu, Bi Vidole akakikalia. Kisha huyohuyo Bi Vidole akaniomba samahani. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Jumamosi, 8 Machi
Mwenyekiti wa kamati ya kanisa alibisha hodi. Wanatafuta mtu wa kuandaa makadirio ya paa jipya. Ofisi ipo, meza ipo, watu wapo kila asubuhi. Kasikia natumia fomula. Nilikataa mara moja, kwa adabu, kisha nikakubali kabla hajafika getini.

Jedwali liko tayari. Mwaka sikuuweka, mtu hujifunza. Juu ya safu ya bei nimeandika namba ya simu ya kanisa, tarakimu zote, ili wafadhili wasipate taabu.