Mgeni Rasmi Kutoka Kijenge

Jumatatu, 1 Julai 1996

Baridi kali. Mlima umejifunika mawingu tangu juzi. Leo Mzee Aminiel, mwenye kampuni yetu ya utalii, ametutangazia kuwa anatafuta meneja wa ofisi. Wageni wamekuwa wengi, na yeye amechoka kuulizwa kila kitu. Anasema anataka mtu anayejua watu na anayejulikana na watu. Aliposema hivyo akanitazama mimi. Godbless wa stoo anadai alikuwa anatazama saa ya ukutani nyuma yangu. Wivu huo.

Cheo hiki lazima kiwe changu. Miaka yote hii napokea simu pale mapokezi, na mpaka leo mlinzi ananiita "wewe wa simu". Huyo Godbless anajulikana kwa lipi? Kwa mayai. Anatuletea trei za mayai kila wiki, basi ofisi nzima inamchangamkia kama mwanasiasa.

Lakini dawa nimeipata. Kuna mgeni alisahau gazeti kwenye gari. Linasema dunia ya sasa mtu ni bidhaa. Usipojipigia debe unabaki rafuni na vumbi lako. Uwe na alama yako, watu wakuone hata ukiwa mbali. Nimelisoma lote, isipokuwa ukurasa ambao dereva alifungia sambusa.

Jioni nimemweleza mke wangu, Hanna. Ameuliza kama bidhaa yenyewe imeshamkatia Princess majani. Princess ni ng'ombe wake. Alimnunua kwa kiinua mgongo pale shirika lao la umma lilipobinafsishwa naye akapunguzwa kazi. Alikuwa msimamizi wa ofisi huko. Sasa mtaa wetu wote wa Kijenge unakunywa maziwa yake. Mama wa watu, soko huria limempita kabisa.

Jumatano, 3 Julai

Nimechapisha kadi. Zina mistari ya dhahabu pembeni. Zimeandikwa: Eliasi, Mshauri Mwandamizi wa Mahusiano ya Kimataifa. Hanna ameuliza ni nani aliyenipa cheo hicho. Nimemwambia siku hizi hakuna kusubiri kupewa. Na neno "kimataifa" si uongo. Jana nimeongea na Mholanzi kwa simu, ingawa alikosea namba.

Alama yangu pia nimeipata huko mitumbani: koti jeupe, tai nyekundu, miwani ya jua. Jua lenyewe hakuna, lakini miwani ipo. Nimeingia getini kwa hatua za kibopa. Mlinzi amesimama, akaniamkia kwa heshima zote, kisha akauliza daktari anamfuata nani. Hata hivyo amesimama. Miaka yote hajawahi kunisimamia.

Ijumaa, 5 Julai

Vibopa wote wa mjini sasa wana simu za mkononi. Mimi nimeanza na kipochi chake. Kipochi kitupu kinapwaya kiunoni, kwa hiyo nikatia kipande cha sabuni ya mche ili kiwe na uzito. Asubuhi kimekaa vizuri sana. Hata mhasibu ameuliza namba yangu, nikamwambia bado ni ya siri.

Saa nne Mzee Aminiel akaniita nje nimsaidie kupokea wageni wa Kijerumani. Rasharasha zikawa zinatunyeshea. Nilikuwa nawaeleza habari za mlima kwa mikono miwili pale bibi mmoja aliponionyesha paja langu. Povu! Limetoka kwenye kipochi, limeshuka mpaka kwenye kiatu. Mzee Aminiel akaniuliza kwa upole kama ninaumwa. Godbless akaniletea tambara mbele ya watu, mnafiki mkubwa.

Nimekasirika mpaka chakula cha mchana. Kisha nikakumbuka kwamba wale Wajerumani hawatanisahau maisha yao yote. Gazeti linataka nini zaidi ya hapo?

Jumatatu, 8 Julai

Kadi imezaa matunda! Elifuraha, mwenyekiti wa Kwaya ya Vijana ya usharika wetu kule nyumbani mlimani, nilimpa kadi tulipokutana benki. Leo amenifuata ofisini. Wana harambee Jumapili, wanataka kwenda kurekodi kanda. Kamati imekaa, imeona mgeni rasmi awe mimi.

Mgeni rasmi! Mimi, ambaye Pasaka iliyopita nilikaa kwenye benchi la nyuma na watoto.

Hanna hakufurahi. Amenikumbusha kuwa kwetu mgeni rasmi ndiye hutangulia kutoa, na utoaji wa watu wote unapimwa kwa mkono wake. Nimemjibu kwamba hayo ni ya enzi za wazazi wetu. Siku hizi mgeni rasmi huja na marafiki wenye uwezo. Wao wanatoa, yeye anapunga mkono. Hanna akaniuliza marafiki gani. Swali la uchokozi hilo.

Alhamisi, 11 Julai

Nimealika ofisi nzima. Dereva ana safari. Mhasibu anatembelewa na mama mkwe. Godbless anafuata kuku Oldonyo Sambu. Lakini Mzee Aminiel amekubali! Yeye ni Mchaga wa Machame, kwaya ndiyo ugonjwa wake. Amesema atakuja na mkewe, na wiki ijayo ataamua suala la meneja. Nani asiyeona mkono wa Mungu hapo? Ataniona meza kuu, nikisomewa risala.

Nimeandaa bahasha. Kilichomo ndani ni kidogo, lakini bahasha yenyewe ni kubwa sana.

Jumapili, 14 Julai

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mbili.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kwaya ilinipokea kwa wimbo tangu barabarani. Nikavishwa taji la maua. Nikakaa meza kuu, kulia kwangu mchungaji, kushoto Mzee Aminiel. Risala ikasomwa, ikaniita "mdau wa kimataifa" mara tatu. Nikajibu kwa hotuba ndefu. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilimwona Mzee Aminiel anatikisa kichwa kwa furaha.

Ndipo Elifuraha, aliyekuwa ameshika kipaza sauti, akasema mgeni rasmi amezungukwa na marafiki, basi waanze marafiki. Marafiki wenyewe ni mmoja. Mzee Aminiel akasimama, akatoa kwa moyo mweupe, tena akamtolea na mkewe. Kanisa likalipuka. Kisha macho yote yakanigeukia mimi. Ile bahasha ikaanza kuniwasha kifuani. Mgeni rasmi atatoaje pungufu ya rafiki yake? Jasho likanitoka na baridi yote ile. Nikashika kipaza sauti, na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukaahidi ng'ombe wa maziwa. Ukamtaja na jina: Princess.

Vigelegele havikuwahi kutokea vya namna ile. Kwetu ahadi ya kwenye kipaza sauti cha kanisa hairudi nyuma. Nikamwona Hanna anainuka kutoka kwa akina mama. Hakukimbia. Angekimbia ningejua la kufanya.

Akaomba kipaza sauti. Akamshukuru mgeni rasmi kwa upendo wake. Akasema Princess ni wake yeye Hanna, alimpata kwa jasho lake, na ana mimba, kwa hiyo haendi popote. Ila mgeni rasmi ameona aibu kusema alichokuja nacho hasa. Amekuja kutoa alama yake, ipigwe mnada. Akanivua koti hapo hapo!

Watu walicheka mpaka mchungaji akafuta machozi. Na Hanna anajua kuuza, sijui alijifunzia wapi. Akalizungusha koti, akawataja watu kwa majina ya wazazi wao, akawashindanisha ukoo kwa ukoo. Mzee Aminiel ndiye aliyelipata, naye kama ilivyo desturi akalitoa zawadi kwa mchungaji. Ikafuata tai. Ikafuata miwani. Bibi wa kutoka mgombani aliinunua, akaivaa palepale. Hata kipochi kikanunuliwa. Kanda itarekodiwa, na fedha za sare zimebaki.

Nimerudi Kijenge na shati tupu. Tulipofika Hanna akaniambia nikamwombe radhi Princess. Nimekwenda. Nilijisikia vibaya kweli, kwa sababu alikuwa ananilamba mkono na hajui lolote.

Jumanne, 16 Julai

Mzee Aminiel ameniita. Nikaingia nimenyoosha mgongo. Akaniuliza mama yule wa kwenye mnada amewahi kufanya kazi wapi. Nikamweleza habari za shirika, usimamizi wa ofisi na kupunguzwa. Akaniuliza kwa nini sijawahi kumwambia. Nikasema hakuwahi kuuliza. Akaniambia kesho nije naye ofisini.

Nadhani anataka ushahidi wa mke kuhusu tabia yangu.

Jumatatu, 22 Julai

Hanna ameanza kazi leo. Meneja wa ofisi. Godbless amempokea kwa trei ya mayai, na mlinzi amemsimamia bila kuambiwa.

Nililia kidogo chooni, nakiri. Kisha nikafikiri vizuri. Nani alikubali kuwa mgeni rasmi? Nani alimleta Mzee Aminiel kanisani? Bila mimi Hanna angejulikana na nani, zaidi ya wanywa maziwa? Nimejitangaza kwa nguvu mpaka cheo kikaingia nyumbani kwangu, kikapita mlango wa jirani tu. Gazeti lilisema kweli.

Amri yake ya kwanza ni kwamba nipokee simu kwa kutaja jina la kampuni, si vyeo vyangu. Nimeitikia. Ofisini namwita Meneja, nyumbani Mama Anneth, kwa jina la binti yetu, na nimegundua kwamba kote kuwili ananijibu kwa sauti ileile.

Kesho kuna Waitaliano wanaofika saa moja asubuhi. Meneja hawezi kuwahi, lazima akamue kwanza. Nitatangulia, nikae kidogo kwenye kile kiti chake kipya kinachozunguka. Wageni wakinikuta hapo wakadhani lolote, hilo ni shauri lao.