Ufagio wa Santa Klara

Jumamosi, 15 Mei 2021. Kliniki imefunguliwa tena! Zaidi ya mwaka mzima corona imekigandisha kiinitete chetu huko kwenye barafu. Kimebaki hicho kimoja tu. Kitapandikizwa Ijumaa. Sharti: Luz aingie peke yake, awe hana virusi. Mume abaki nyumbani. Mimi, baba mtarajiwa, nibaki nyumbani! Lazima nichangie kitu.

Jumatatu, 17 Mei. Nimepata. Kesho ni siku ya Santa Klara, na mji wetu mzima wa Obando, hapa Ufilipino, unajua kuwa anayemchezea ngoma mtakatifu huyu hupata mtoto. Mwaka huu kucheza barabarani ni marufuku. Luz amekataa katakata. Anataka utulivu, amesema, na nisiguse mayai yake ya lishe. Nimeyapeleka kanisani. Mtakatifu hachezewi mikono mitupu.

Jumanne, 18 Mei. Nimecheza uchochoroni nyuma ya soko, nimekumbatia ufagio badala ya mke. Kumbe nusu ya wagumba wa mji walikuwa na wazo langu. Tukawa umati. Mmoja akakohoa. Akatokea Dodong, kaka yake Luz, mgambo wa mtaa, adui yangu tangu harusini. Akauliza kama huyo mwembamba ndiye mke mdogo. Tumepelekwa karantini moja kwa moja, shule ya msingi, siku kumi na nne. Ufagio nao, kwa sababu niliugusa.

Ijumaa, 21 Mei. Luz amepandikizwa. Dodong alimpeleka! Kwa simu nikamwomba msamaha kwa kumwacha mpweke. Akajibu:

“Santo, mume wangu, tangu tuoane sijawahi kulala vizuri hivi.”

Analia moyoni, maskini. Nimecheza na ufagio kati ya vitanda mpaka nesi akatishia kuniongezea siku.

Jumanne, 1 Juni. Nimetoka. Majibu ya damu yametoka pia. Ana mimba! Nimelia mbele ya Dodong, jambo litakalonigharimu miaka. Luz ananieleza taratibu, kama mtoto, kwamba daktari amesifu dawa na ule ukimya wa nyumbani. Dodong naye:

“Shemeji, mkitaka wa pili niambie mapema. Nitakufungia mwaka mzima.”

Wacha waseme. Nimeuficha ufagio juu ya dari. Luz akiutupa, wa pili tutampataje?