Jicho la Kazi

Jumanne, 4 Machi
Nimerudi kutoka hospitali. Jicho la kushoto, jicho langu la kazi, limetobolewa kijitundu cha kupunguza presha ya maji ndani yake. Daktari kaagiza matone mara nane kwa siku, nisiiname, nisinyanyue mzigo, nisiguse jicho. Uoni uliokwisha kupotea haurudi, kasema, tunalinda uliobaki. Niliitikia kwa adabu. Mke wangu kabandika ukutani karatasi ya kuweka tiki kila nitiapo matone. Uzee huu, nimerudi shule!

Jumatano, 5 Machi
Kipara, fundi saa mwenzangu wa mlango wa pili, anawatangazia wateja wangu kuwa nimepofuka. Kisha anapokea saa zao kwa masikitiko makubwa. Mnafiki!
Matone yote ya siku nimeyatia asubuhi kwa mkupuo, nipate nafasi ya kufikiri. Mengi yaliishia shingoni. Nikajaza tiki zote nane. Mke wangu alinisifu. Niliona haya, lakini si sana.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemuaga mke kuwa nakwenda kunyoosha miguu. Nikafungua duka. Mwalimu mmoja kaleta saa ya marehemu baba yake. Sasa, saa haifunguliwi bila lenzi, na lenzi hubanwa jichoni kwa nyama za uso. Nilijaribu jicho la kulia. Ikaanguka mara tatu, Kipara akikohoa makusudi. Basi nikaibana kushoto. Niliona kila gurudumu! Dakika mbili za raha. Halafu jicho likalowa, skrubu ikadondoka, nikainama kuitafuta.

Ijumaa, 7 Machi
Jicho jekundu. Linauma hadi kwenye meno. Nimemwambia mke ni vumbi. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi
Mke hakudanganyika, kanikokota hospitali. Daktari akauliza nani kalibana jicho hili. Nikatazama dari. Kidonda kinavuja, vijidudu vimeingia. Ningekuja jana, kasema, kazi ingekuwa nyepesi. Leo watajaribu tu. Nimelazwa. Mke wangu hakunigombeza hata neno moja. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 16 Machi
Jicho la kushoto linaona mwanga, basi. Kipara kaja wodini, kakaa ukingoni mwa kitanda, kalia. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alipoondoka nikalia na mimi.
Daktari kasema jicho la kulia nalo lina presha, lipasuliwe upesi, kisha miezi miwili nisikanyage dukani. Miezi miwili! Mke wangu kaniomba nikubali, nimekubali.
Ila kesho kuna kupimwa. Ubao wa herufi uko chumba cha jirani, na tangu asubuhi nawasikiliza wagonjwa wakiusoma. Nimeukariri wote. Nitausoma bila kukwama, waone jicho la kulia ni zima, waniruhusu niende. Hata mstari wa chini kabisa ninao kichwani, ule ambao sijawahi kuuona.